Kofia ya Viua na Nuru ya Kichochoroni

Boti iliyotuchukua kutoka Dar es Salaam ilifunga gati Malindi, Unguja, asubuhi ya Alkhamisi moja mwanzoni mwa Oktoba, baada ya safari ya takriban saa mbili. Tulikuwa wawili: mwandishi wa makala haya, na kijana wa msikitini kwetu ambaye riziki yake ni kupiga picha za harusi. Zana zetu hazikuwa nyingi: kamera moja, lenzi moja, na shuka jeupe la kitanda lililokunjwa ndani ya mkoba wa ukili.

Tulikwenda kumpiga picha Maalim wetu. Ndiye aliyetupokea chuoni tukiwa watoto wadogo, akatusomesha kuanzia alifu hadi tukakhitimu msahafu. Kwa miaka mingi aliishi nasi bara. Nguvu zilipopungua akarejea Mji Mkongwe, katika nyumba ya wazee wake. Katika muda wote huo hatukumbuki kuiona sura yake ukutani wala katika simu ya mtu. Tujuavyo sisi, alipigwa picha mara mbili tu: ya pasipoti alipokwenda Hijja, na ya kitambulisho. Kila tulipomwomba, katika Maulidi au siku za kuhitimu wanafunzi, alifunika uso kwa kiganja, akacheka, na kusema, "Niacheni, wanangu. Mimi nitajeni katika dua zenu, yatosha."

Kwa hiyo binti yake alipotupigia simu na kusema, "Baba anataka kupigwa picha, na anataka mpige nyinyi," tulidhani tumesikia vibaya. Tukamwomba arudie. Akarudia, akaongeza kwamba tusichelewe.

Barazani kwa Maalim

Kutoka bandarini tulipita Msikiti wa Malindi wenye mnara uliochongoka, kisha tukazama vichochoroni. Mji Mkongwe, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Nyumba zake ni za ghorofa mbili na tatu, na njia zake ni nyembamba kiasi kwamba mahali pengine mtu akinyoosha mikono hugusa kuta za pande zote mbili. Jua halifiki chini ila kwa muda mfupi wa adhuhuri. Saa nyingine zote hupiga sehemu ya juu ya ukuta mmoja, na nuru inayomfikia mpita njia ni ile iliyorudishwa na chokaa. Siku ile tulilipita jambo hilo bila kulizingatia. Tulikuwa tukitafuta namba ya nyumba.

Maalim alikuwa ameketi barazani, amevaa kanzu nyeupe na kofia, fimbo ameiegemeza mlangoni.

"Assalaamu alaykum. Shikamoo, Maalim."

"Waalaykumu salaam. Marahaba, wanangu. Ni nani hao?"

Macho yake yamefunikwa na mtoto wa jicho, hivyo alitutambua kwa sauti. Mwenzetu alipotaja jina, Maalim alitabasamu na kumuuliza kama bado anaikimbiza Suratul-Mulk kama anayefukuzwa. Zililetwa kahawa na tende. Tulipokwisha kunywa, akaivua kofia yake na kuiweka mikononi mwetu kwa utaratibu, kama mtu anayempokeza mwenziwe mtoto mchanga.

"Ipapaseni," akasema.

Ilikuwa kofia ya viua, iliyoshonwa kwa mkono, nyeupe juu ya nyeupe. Wasomaji wa pwani wanaijua kazi hii. Kofia hufanywa kwa vipande viwili, duara la juu na ukanda wa kuzunguka kichwa. Kitambaa hutobolewa vitundu vidogo vidogo, na kila kitundu huzungushiwa uzi kwa sindano hadi ukingo wake ukaze. Hivyo ndivyo viua, ambavyo ni pambo na pia hupitisha hewa kichwani. Kofia moja yaweza kumchukua mshonaji miezi kadhaa, kwa sababu hushonwa katikati ya kazi nyingine za nyumbani. Ile tuliyoishika ilikuwa imefuliwa mara nyingi mno. Nyuzi zake zilikuwa zimegeuka rangi ya maziwa, na mahali pamoja upande wa mbele uzi ulikuwa umekatika.

"Hii aliishona mama yenu," Maalim akasema. Alimkusudia marehemu mkewe, aliyetupikia uji sisi watoto wa chuo kila mwezi wa Ramadhani. Alifariki mwaka juzi, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alikuwa mwanamke mwenye haya, na aliishi hivyo kwa hiari yake. Hakutaka sura yake ibaki katika karatasi. Sasa wajukuu walio Muscat wanauliza kila wanapopiga simu: bibi alikuwaje?

"Sura yake hatuitoi, maana ndivyo alivyotaka," Maalim akaendelea. "Lakini mkono wake ni huu hapa. Kofia inachakaa, na mimi nachakaa. Nataka wauone mkono wa bibi yao ukiwa juu ya kichwa cha babu yao, angali hai."

Akatupa masharti matatu. Picha isitundikwe ukutani. Isiwekwe mitandaoni wala gazetini. Na viua vionekane. Ndiyo sababu, ndugu msomaji, ukurasa huu hauna picha.

Maalim na hukumu ya picha

Tulijua kwamba uamuzi huo haukuwa mwepesi kwa mtu kama yeye, na hatukuona vibaya kumuuliza. Hadithi zinazowaonya watengenezaji wa taswira zimo katika Sahihi za Bukhari na Muslim, na Maalim ndiye aliyetusomesha baadhi yake. Upigaji picha ulipoenea, wanazuoni walihitilafiana kama hadithi hizo zinaihusu kamera. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri mwanzoni mwa karne ya 20, aliandika risala ya kuruhusu picha za kamera, kwa hoja kwamba mpigaji haumbi kitu bali hukizuia kivuli kilichopo. Wengine wakubwa wa elimu, akiwemo Sheikh Abdulaziz bin Baz wa Saudi Arabia, walishikilia katazo na kuruhusu palipo na dharura, kama pasipoti na kitambulisho.

"Mimi niliishi na kauli ya pili," Maalim alisema, "na sijuti. Sasa nimechukua ya kwanza kwa haja hii moja, na sisemi kwamba aliyebaki kule amekosea." Hakuongeza neno, nasi hatukuongeza swali. Hayo tunayaeleza kwa sababu tunajua kwamba katika familia nyingi zinazosoma gazeti hili jambo hili huleta ubishi kati ya wazee na vijana, na ubishi wenyewe mara nyingi hukosa adabu tuliyoiona pale barazani.

Inafaa pia kukumbuka kwamba elimu ya nuru si ngeni kwa Waislamu. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965 na kufariki Cairo karibu na mwaka 1040, alieleza katika Kitab al-Manazir jinsi nuru inavyokwenda kwa mistari iliyonyooka, na jinsi kuona kunavyotokea kwa nuru kuingia jichoni. Alichunguza pia umbo la jua lililopatwa kwa kuipitisha nuru yake katika tundu dogo. Kamera yoyote, hata ya simu, bado ni chumba cha giza chenye tundu. Na katika miaka ya 1880, daktari wa Makka, Sayyid Abd al-Ghaffar, alikuwa akiwapiga picha mahujaji katika mji ule mtukufu.

Tukiwa bado tumeketi, mgeni mmoja alipita, akamwelekezea Maalim kamera, akabonyeza na kuendelea na njia yake. Maalim aligeuza uso.

"Kamera ina sauti, wanangu, naisikia," akasema. "Salamu ndiyo sikuisikia."

Jua la utosini

Tulianza kazi baada ya swala ya Adhuhuri, na hilo lilikuwa kosa letu la kwanza. Tulidhani kwamba palipo na nuru nyingi ndipo penye picha nzuri. Tukamshika mkono Maalim taratibu hadi kwenye uwanja mdogo mwishoni mwa kichochoro, ambapo jua lilikuwa limejaa tele.

Unguja iko takriban nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hupita karibu na utosi kabisa. Nuru ya namna hiyo huanguka kutoka juu moja kwa moja. Matundu ya macho hugeuka mashimo meusi, pua hutupa kivuli mdomoni, na kila mkunjo wa uso huonekana kama jeraha. Maalim, ambaye hata sisi wanafunzi wake wa zamani humwona kuwa mtu mzuri wa sura, katika picha ile alionekana kama mgonjwa.

Kofia nayo ilitoweka. Kamera hupima nuru kwa kudhani kwamba kilicho mbele yake kina weupe wa wastani, kama majivu. Ikikutana na kanzu nyeupe na kofia nyeupe, hudhani nuru imezidi, huipunguza, na uso wa mtu mweusi huzama gizani. Mwenzetu alipoilazimisha ifuate uso, uso ulionekana, lakini weupe wa kofia ukaungua, ukawa bapa moja lisilo na alama. Akajaribu flashi ili kuondoa vivuli vya macho. Flashi ilitoka mbele moja kwa moja, ikajaza kila kitundu na kila mshono, na viua vikafutika kabisa.

Binti yake Maalim alisogea akatazama kioo cha kamera.

"Mbona kofia imekuwa karatasi?" akauliza.

Maalim alisikia. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi, mmechoka na safari. Pumzikeni." Jasho lilikuwa likimtiririka shingoni, na magoti yake yalikuwa yakitetemeka kwa kusimama. Tulimrudisha barazani tukiwa na aibu. Tulikuwa tumemweka juani mzee wa umri ule kwa karibu nusu saa, na hatukupata hata kiua kimoja.

Pama la mvuvi

Siku ya pili ilikuwa Ijumaa, na hatukumsumbua Maalim. Baada ya swala tulitembea mjini tukijadili kosa letu. Tulipita Barabara ya Kenyatta, ilipo Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Tulisimama kutazama picha za zamani za watu wa Unguja. Mwenzetu alituonesha jambo ambalo peke yetu tusingeliona: tutazame kivuli cha pua. Katika picha zilizotuvutia, kivuli hicho kilikuwa upande mmoja, laini, na upande wa pili wa uso ulikuwa na nuru hafifu. Maana yake, akasema, ni kwamba nuru kubwa ilitoka ubavuni.

Tulifika tena Malindi, kwenye majahazi na ngalawa. Mvuvi mmoja wa makamo alikuwa akishona wavu, kichwani amevaa pama la ukili lenye ukingo mpana. Tulimsalimu, tukaketi, tukamweleza tulichokuwa tukijifunza. Alikubali kwa sharti moja, tumtumie picha yake, naye akatutajia namba ya simu ya mwanawe.

Kofia yenye ukingo ni mtihani wa namna yake. Ukingo hukata uso vipande viwili: macho kizani, kidevu juani. Watu wengi husema, "Vua kofia," na hapo humpoteza mtu waliyemwendea, maana mvuvi bila pama lake si yule aliyekuwa akishona wavu. Mwenzetu alijaribu mambo matatu. Kwanza alimgeuza ili jua liwe nyuma yake. Uso wote ukaingia kivulini, na tofauti kali ikaondoka. Pili alimwomba ainue kidevu kidogo, kiasi cha vidole viwili. Tatu tulikunjua shuka letu na kulishika chini, karibu na magoti yake, upande wa mbele. Jua likapiga shuka, nuru ikapanda juu chini ya ukingo wa pama, na macho ya mvuvi yakafunguka. Katika kila mboni ilionekana nukta ndogo nyeupe ya nuru. Mwenzetu alituambia kwamba nukta hiyo ikikosekana, mtu huonekana kama hayupo.

"Shuka hilo la kitanda?" mvuvi akauliza, akicheka. "Mimi nilidhani mtaleta mataa."

Pale ndipo tulipoanza kuelewa. Tatizo letu la jana halikuwa uchache wa vyombo. Tulikuwa na nuru nyingi kupita kiasi, nayo ilitoka mahali pasipofaa. Viua vya kofia ni vitundu, na kitundu huonekana kwa kivuli chake. Katika Suratul-Furqan, aya ya 45, tunaelekezwa kukizingatia kivuli na jinsi jua lilivyo dalili yake. Tumeisoma aya hiyo mara nyingi tangu chuoni kwa Maalim, na hatukuwahi kuifikiria tukiwa na shuka mkononi.

Ukuta wa jirani

Jumamosi tulikuwa mlangoni kwa Maalim tangu asubuhi, lakini hatukuitoa kamera. Tulikaa barazani kutazama jinsi nuru inavyotembea kichochoroni. Asubuhi ukuta wa nyumba yao ndio uliopigwa na jua. Adhuhuri jua lilishuka chini kwa muda mfupi, likaondoka. Baada ya Alasiri jua lilihamia sehemu ya juu ya ukuta wa jirani, ng'ambo ya kichochoro. Chokaa ile kuukuu ikawaka polepole, na nuru pana, laini, ikashuka na kuangukia baraza upande wa kulia. Hakukuwa na taa dukani ambayo ingeweza kutoa nuru pana namna ile.

Palitokea kikwazo kimoja. Jirani alikuwa ameanika khanga nyekundu dirishani, na nuru iliyopita hapo ilitia wekundu katika kanzu ya Maalim. Nuru hubeba rangi ya kitu inachogonga. Binti wa Maalim alimwita jirani kwa heshima na kumweleza. Jirani aliiondoa khanga mara moja, na bila kuombwa akaanika shuka jeupe mahali pake. "Kama ni kwa kofia ya marehemu," akasema, "nitaanika mpaka foronya."

Tulimketisha Maalim palepale alipozoea kuketi, juu ya mto, mgongo umeegemea, ili magoti yapumzike. Bega la kulia lilielekea ukuta wa jirani, na uso ukageuzwa kidogo upande huo. Nyuma yake mlango wa kuchonga ulikuwa wazi, na kiza cha ndani ya nyumba kikawa pazia jeusi lililoitenga kofia nyeupe. Sisi tulipiga goti upande wa kushoto na kulishika shuka letu, lirudishe nuru kidogo kwenye shavu lililokuwa kivulini. Mara ya kwanza tulilisogeza karibu mno. Kivuli kikafutika na viua vikaanza kufifia. Tukarudi nyuma hatua moja, vikarejea.

Mwenzetu alisimama umbali wa mita mbili hivi, maana kamera ikikaribia mno hukuza pua na kupunguza masikio. Akapima nuru kwenye paji la uso, kisha akaipunguza kidogo, ili weupe wa kofia usiungue. Kivulini tofauti ya uso na kofia ilikuwa ndogo, na kamera iliweza kuvibeba vyote viwili.

Lililobaki lilikuwa uso wenyewe. Maalim alikuwa amejikaza, midomo imebana, kama mtu anayengoja sindano. Mwenzetu hakumwambia atabasamu. Badala yake alianza kusoma Suratul-Mulk kwa sauti ya chini, huku jicho lake likiwa kwenye kamera. Maalim alitulia, mabega yakashuka. Aya chache mbele, mwenzetu aliharakisha, akakosea mahali pa kusimama. Papo hapo Maalim aliinua kidevu, akageuza sikio, na kidole cha shahada kikapanda kumzuia, vilevile alivyokuwa akituzuia miaka ile.

Hapo ndipo kamera iliposikika. Baada ya sekunde moja Maalim alimsahihisha, naye akairudia aya ipasavyo.

Picha zote za siku ile hazikuzidi kumi na moja, na kazi ilichukua chini ya robo saa.

Kuhesabu viua

Usiku huohuo tulikwenda kuisafishia picha dukani, maana picha inayobaki katika simu hupotea na simu. Tuliichagua moja, tukaomba karatasi isiyong'aa, ya ukubwa wa sentimita 20 kwa 25. Asubuhi ya Jumapili tuliipeleka.

Maalim hawezi kuona picha. Aliishika kwa ncha za vidole, akapapasa karatasi laini, kisha akampa mjukuu wake wa kike anayeishi naye, msichana wa miaka tisa. Akaivua kofia na kuiweka juu ya goti.

"Pana mahali uzi umekatika, mbele. Unapaona?"

"Napaona, babu."

"Anzia hapo, hesabu safu ya chini kuelekea sikioni."

Msichana akahesabu kwenye picha, naye Maalim akahesabu kwenye kofia kwa kidole gumba. Walianza kwa sauti, kila mmoja akimsubiri mwenziwe. Walipofika kumi na nne msichana akasema vinavyofuata vinazunguka nyuma ya sikio, havionekani. Maalim alikuwa amefika kumi na nne, kidole chake kimegusa sikio.

"Alhamdulillah," akasema. Akaivaa kofia. Kisha akamwambia binti yake aitie picha katika bahasha na kuiweka sandukuni pamoja na nguo za marehemu, na nakala ya pili ipelekwe Muscat kwa mkono wa msafiri wa kwanza.

Kwa familia zetu

Tumeyaandika haya tukijua kwamba karibu kila nyumba leo ina simu yenye kamera, na kwamba picha nyingi za wazee wetu hupigwa harusini usiku, kwa flashi, wakiwa wamechoka. Ikiwa wazee wenu wameridhia, na ikiwa nanyi mmeridhika na kauli ya wanazuoni mnaowafuata, basi mwaweza kufanya vizuri zaidi bila gharama. Ngojeni baada ya Alasiri. Mwekeni mzee kivulini, karibu na mlango au barazani, ukuta mweupe unaopigwa na jua ukiwa ubavuni mwake. Zimeni flashi. Shikeni shuka jeupe upande wa pili, msilisogeze karibu mno. Simameni mbali kidogo. Mwacheni na kofia yake, ushungi wake, miwani yake na fimbo yake, maana hivyo ndivyo wajukuu watakavyomkumbuka. Kisha isafisheni picha hiyo.

Kabla ya hayo yote, ombeni idhini, na mtimize masharti mtakayopewa. Sura ya mtu ni amana, na amana haimaliziki pale kamera inaposikika. Asiyetaka kupigwa, kama marehemu mama yetu, naye ana haki ya kuachwa, na huenda akawa ameacha alama nyingine: kofia, jamvi, kitabu alichoandika kwa mkono, au mtoto aliyemfundisha kusoma.

Wakati wa kuondoka Maalim alitushika mikono, akamwambia mwenzetu kwamba mwakani atamsomesha tena Suratul-Mulk, polepole. Tunamwomba Mwenyezi Mungu ampe umri wa kufanya hivyo, amfungulie macho yake, na amlaze marehemu mahali pema. Amin.